Mbwa Aliyekataa Kuvuka

Mwanangu Nakiete,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Nusu saa iliyopita umetoka hapa mlangoni ukiimba, wewe na mama yako, kwenda kumuaga bibi yako. Najua hatawaachia mpaka mle, na mkishakula ataomba, na sala za bibi yako unazijua urefu wake. Kwa hiyo alasiri hii ni yangu mimi na Shaba, na hiki kibao changu cha kuandikia chenye nyuzi za kushika mistari. Uzi mmoja umekatika huku chini, hivyo ukikuta mistari miwili imepandana, soma polepole.

Nina furaha mpaka siwezi kutulia kitini. Asubuhi nimenyoa ndevu, na saa sita nikanyoa tena, mama yako akaniuliza kama ni mimi ninayesafiri. Kesho tutateremka Kisiwani, tupande lori mpaka Same, na treni ikifika utaingia behewani ukiwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Nimeyatamka maneno hayo kwa sauti hapa peke yangu, "mwanafunzi wa chuo cha ualimu", na Shaba akapiga sakafu kwa mkia.

Mambo ya blanketi, sabuni, na nani wa kukaa naye karibu garini, mama yako amekwisha kukuambia, na kesho njiani atakuambia tena. Mimi nataka kukupa kitu kingine. Kuna mambo niliyoyafanya ambayo unayajua nusu, na mengine huyajui kabisa. Sitaki uyabebe hayo kama hadithi nzuri ya baba na binti na mbwa, kama watu wa hapa Mamba wanavyoisimulia siku hizi. Ni nzuri, lakini mimi ndani yake sikuwa mzuri wakati wote.

Nilipokwenda vitani ulikuwa hujaanza kutembea. Niliporudi ulikuwa na miaka mitano, na mimi sikuwa na macho. Kule Burma kombora lilipasuka karibu yangu, likaniachia mikono, miguu na masikio. Pale stesheni ya Same mama yako alikusukuma mbele akasema, "Msalimie baba yako." Ukasema, "Shikamoo." Nikaitikia, marahaba. Kisha ukauliza, "Mama, mbona haniangalii?" Mimi nilicheka, nikainama, nikakupapasa uso, na tangu siku hiyo sura yako ninayoijua ni ile ya mikono yangu.

Kabla ya vita nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza na la pili. Niliporudi watu waliendelea kuniita Mwalimu, lakini nilikuwa mwalimu wa kukaa kizingitini. Miaka mitatu nilikaa hivyo. Ulipofika miaka minane nikakutoa shule.

Wewe unakumbuka kwamba ulitolewa kwa sababu mama yako aliugua. Ndivyo nilivyomwambia mwalimu mkuu, na ndivyo nilivyokuambia wewe. Nakiete, mama yako hakuwa mgonjwa. Siku hiyo alikuwa shambani analima maharage, na jioni alirudi na mzigo wa kuni kichwani. Nilipomwambia uamuzi wangu alisema neno moja tu, "Mtoto anapenda kusoma." Nikamjibu kwamba mimi nahitaji macho. Hakubisha tena, na mimi nikachukua ukimya wake kuwa ni kukubali.

Tangu hapo kazi yako ikawa kushika ncha ya mbele ya fimbo, na mimi nikashika ya nyuma. Tukaenda kanisani, sokoni, kwa ndugu, kwenye pombe za mavuno, kila mahali. Nilizijua njia nyingi za hapa kwa miguu tangu utotoni, ningeweza kuzipita polepole kwa fimbo peke yangu. Niliogopa kuanguka mbele ya watu. Na zaidi ya hapo, nilizoea sauti yako. Ulikuwa unaniambia kila kitu: wingu liko wapi, ng'ombe wa nani wameingia shambani kwa nani, mama fulani amevaa kanga mpya. Dunia yangu yote ilitoka mdomoni mwako. Wenzako walipopita asubuhi kwenda shule, ulikuwa unapunguza mwendo kuwasikiliza. Fimbo ilikuwa inaniambia. Nilikuwa najua, na nilikuwa nasema, "Twende, mwanangu, tutachelewa," wakati hatukuwa na mahali pa kuchelewa.

Ulikuwa na miaka kumi siku uliyorudi na mama yako kutoka sokoni Kisiwani, na kikapu kinacholia.

Nikauliza, "Nini hicho?"

Ukasema, "Baba, usikasirike. Ni mbwa. Mama mmoja mfugaji, mbwa wake amezaa saba, amenipa huyu. Ana rangi ya shaba."

"Mbwa wa nini?"

Ukavuta pumzi, nikaisikia. "Si ulisema wako mbwa wanaoongoza watu?"

Kweli nilisema. Nilipokuwa hospitali ya jeshi huko India, muuguzi mmoja alitusomea katika gazeti habari za mbwa wa Ulaya wanaofundishwa kuwatembeza vipofu mabarabarani. Sisi askari wa wodi ile tulicheka mpaka tukaumwa mbavu. Niliporudi nikawa naisimulia habari hiyo kama kichekesho cha Wazungu, na watu wa hapa nao walicheka. Wewe peke yako hukucheka. Ulikaa nayo, miaka sijui mingapi, ukaingoja.

Nilikasirika sana. Nikasema, "Mimi niongozwe na mbwa? Watu waseme Mwalimu anavutwa na mbwa njiani?"

Mama yako akajibu kutoka jikoni, "Baba Nakiete, hakuna aliyekuomba uongozwe leo. Huyu bado anajikojolea. Mtoto anaomba alale jikoni, basi."

Basi akalala jikoni. Usiku wa kwanza alilia, wewe ukaenda ukalala naye kwenye majivu, asubuhi mama yako akakuta watoto wawili weupe kama unga. Wiki ya pili akatafuna kiatu changu cha jeshi, kile cha kulia, mpaka kwenye soli. Nilikiweka kiatu kile miaka mitano kama kitu kitakatifu. Nilipiga kelele sana siku hiyo. Leo nikikumbuka, nacheka peke yangu hapa.

Hakuna aliyejua namna ya kumfundisha mbwa kazi ile. Katika gazeti la yule muuguzi nilikumbuka mambo matatu: mbwa hukaa upande wa kushoto; huvaa mkanda wenye mpini mgumu ili mtu asikie kila anachofanya; na husimama mbele ya kila kitu kinachoweza kumwangusha mtu. Nilikuambia hayo kwa dharau, kama mtu anayetupa maganda. Wewe uliyaokota.

Sijawahi kukuambia jinsi nilivyokuwa nakusikiliza siku zile. Nilikuwa nakaa pale kizingitini nimejifanya nimesinzia. Ulijifunga macho kwa kanga ya mama yako, ukamshika Shaba kwa kamba, ukatembea kwenye migomba. Nikasikia kishindo. Ukasema, "Haya, tena." Kishindo kingine. Mama yako alikuwa anakupaka mafuta ya ng'ombe kwenye uvimbe wa paji la uso kila jioni, akakuuliza kwa nini usimtembeze mbwa macho yakiwa wazi kama watu wenye akili. Ukamjibu, "Nikiona, namsaidia bila kujua."

Miaka kumi, Nakiete. Mimi nilisomea ualimu na sikuwahi kuwaza jambo lenye akili kama hilo.

Kisha ukagundua kwamba mbwa anapima njia kwa kimo chake mwenyewe. Tawi ambalo linampitia juu, kwangu ni kipigo cha usoni. Ulifikiri juu ya hilo siku mbili, halafu vifuniko vya sufuria vya mama yako vikaanza kupotea. Ulivining'iniza kwa kamba kwenye matawi, kwenye kimo cha kichwa changu, ukabeba fimbo wima iliyofika kimo hicho, na kila fimbo ilipogonga kifuniko, ulisimama, ukarudi nyuma na Shaba, mkaanza upya. Akipita pembeni ya kifuniko, anapata kipande cha kiazi. Uwanja wetu mzima ulikuwa unalia kama kanisa siku ya sikukuu. Mama yako alitoka akasema, "Makande yangu yanapikwa na majivu, na vifuniko vimekuwa majani ya miti!" Lakini hakuvishusha. Mimi pale kizingitini nilikuwa nahesabu. Siku ya kwanza vifuniko vililia mara thelathini na zaidi. Baada ya miezi miwili siku moja ilipita kimya kabisa, na moyo wangu ulikuwa unadunda kama wa mtoto aliyetajwa wa kwanza darasani. Sikukuambia kitu. Ilinipasa kukuambia siku ile ile. Hilo ni kosa dogo kuliko mengine, lakini limenisumbua.

Fundi wa viatu wa Kisiwani alipotengeneza mkanda na mpini, ukaniomba nijaribu. Nikasimama, nikashika mpini, nikatoa amri kwa sauti ya sajini wangu: "Mbele!" Shaba akalala chini kwa hofu. Nikarudia. Akanyong'onyea zaidi. Nikampiga kwa fimbo, mara mbili.

Alikimbilia chini ya ghala la mahindi akakaa huko siku mbili. Wewe hukuniambia neno siku zote mbili. Ulinishikia fimbo kama kawaida, ukanipeleka kila mahali, bila kusema wingu liko wapi. Siku ya tatu nikakuuliza, "Umenikasirikia?"

Ukasema, "Hapana, Baba. Lakini ukimpiga, anatazama mkono wako. Hatazami njia."

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu. Nilikumbuka watoto niliowafundisha kabla ya vita, jinsi walivyokuwa wakinitazama mkono. Nilikuwa najisifu kwamba darasa langu ni kimya. Sasa unakwenda kuwa mwalimu. Watakupa fimbo, na hakuna atakayekulaumu ukiitumia. Hilo tu ndilo nitakalosema kuhusu fimbo.

Nikaanza upya, kwa kumlisha mimi mwenyewe kila jioni, mkononi, mpaka akaacha kutetemeka. Nikajifunza kusema "mbele" kama mtu anayeomba chumvi. Siku tuliyokwenda hatua zetu za kwanza, kutoka mlangoni mpaka kwenye jiwe la kunolea mapanga, nilihisi kwenye mpini kila kitu: anaponusa, anapofikiri, anapoamua. Wewe ulikuwa unatembea nyuma yetu na mikono mdomoni, mama yako aliniambia baadaye, ili usipige kelele.

Sasa nafika kwenye siku ya mfereji.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja, Shaba alikwisha timiza mwaka, na kwa miezi kadhaa alikuwa ananitembeza hapa karibu. Ilikuwa masika, mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilitaka kwenda kwa baba yako mkubwa, na wewe ulikuwa na mama yako shambani, basi nikaondoka na Shaba. Unaijua ile njia: inapita chini ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, kisha inavuka mfereji mkubwa kwa gogo. Tulipofika hapo Shaba akasimama. Nikasema, "Mbele." Hakwenda. Nikasema tena. Akageuka akasimama kunikingamia, ubavu wake kwenye magoti yangu. Nikasikia watu wanakuja nyuma, wanawake wawili na mitungi, wakicheka jambo lao. Nikadhani wananicheka mimi. Nikasema mara ya tatu, kwa ile sauti ya zamani, na Shaba akalala chini juu ya miguu yangu.

Nikauachia mpini, nikamruka, nikaweka mguu mahali gogo lilipokuwa. Gogo lilikuwa limechukuliwa na maji usiku.

Nilianguka, maji yakanivuta mpaka kwenye mawe ya chini, nikavunjika mkono. Wale wanawake walipiga yowe. Kabla hawajafika, kitu kiliingia majini karibu yangu, na mkono wangu mzima ukakutana na mpini. Shaba alikuwa amenifuata. Nikaushika, naye akapanda polepole pale wanawake wanapochotea maji, anasimama kila hatua, ananingoja nipate pa kukanyaga. Nilitoka mzima kwa sababu yake.

Na unajua kilichosemwa baadaye. Wale mama waliona nimeanguka na mbwa yuko majini. Mpaka jioni kijiji kizima kilikuwa kinasema mbwa amemtumbukiza Mwalimu mferejini. Wewe ulikuja kitandani kwangu ukaniuliza, "Baba, kweli Shaba alikuvutia kwenye maji?" Nami nikasema, "Sikumbuki vizuri. Yalitokea haraka."

Nilikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikumbuka hata ubaridi wa manyoya yake kwenye magoti yangu.

Siku sita nilinyamaza. Nilikusikia ukimtetea kwa kila aliyekuja kunipa pole. Ulikuwa unasema, "Hawezi. Namjua. Hawezi." Wakakuambia u mtoto. Siku ya saba baba yako mkubwa alikuja na kamba. Alikuwa na nia njema. Aliogopa nitakufa safari ijayo. Alisema, "Mdogo wangu, nitampeleka porini, mtoto asione." Lakini wewe uliona. Ulimkumbatia Shaba shingoni ukaketi pale katikati ya uwanja, na hukulia. Nilingoja ulie. Ungelia labda ningeendelea kunyamaza, ningesema moyoni kwamba kilio cha mtoto kitapita. Ulisema tu, kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka, "Baba, basi sema wewe."

Nikasema. Niliinuka na mkono wangu uliofungwa kwenye mbao, nikasema mbele ya kaka yangu na majirani waliokuwepo, "Mbwa alikataa kuvuka. Alinizuia mara tatu. Mimi ndiye niliyemruka. Kisha akanitoa majini." Kaka yangu akakaa chini kwenye jiwe akasema, "Haa!" Mama yako alikwenda jikoni akarudi na kipande kikubwa cha nyama, siku ambayo hatukuwa na nyama ya kuchezea, akampa Shaba mbele ya wote.

Hayo unayajua. Watu wanasema nilinyamaza kwa aibu, na wewe umenisamehe aibu hiyo zamani. Lakini sababu yenyewe sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako, na ndiyo iliyonifanya niandike leo. Aibu ilikuwepo, ndiyo, siku mbili za kwanza. Baada ya hapo kilichonifunga mdomo ni hesabu. Nilijua kwamba mbwa akifanikiwa, wewe hutakuwa tena na sababu ya kushika fimbo. Utarudi shule, na shule itakupeleka mbali. Na mbwa akiuawa, utabaki. Nililala pale kitandani nikilipima jambo hilo, na siku zote zilizobaki nilikuwa tayari mbwa asiye na kosa afe, ili nisikose sauti yako njiani.

Ndivyo nilivyokuwa. Nakuambia si ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu wako watu watakaokupenda, nao watataka ubaki mahali fulani kwa ajili yao, na watakupa sababu nzuri nzuri. Mimi nilikupenda kweli kweli wakati nikifanya jambo lile. Ukae ukijua kwamba vyote viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Mwaka mpya wa shule ulipoanza nilikwenda kwa mwalimu mkuu na Shaba, bila wewe. Nikakiri kwake kwamba ule ugonjwa wa mama yako ulikuwa uongo wangu, nikamwomba akupokee. Akauliza, "Mbwa huyu amekuleta peke yake?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi kesho binti aje. Na wewe Mwalimu, watoto wangu wa darasa la kwanza hawajui kuhesabu. Una shughuli gani asubuhi?"

Unaona jinsi furaha ilivyokuja mbili mbili? Wewe ulikaa benchi la nyuma, mrefu kuliko wote, na mimi nikarudi mbele ya darasa. Watoto walikuwa wanagombania nani atamletea Shaba maji. Miaka ile ulipokuwa unavuka bonde kwenda shule ya juu na kurudi jioni na vitabu, mimi nilikuwa nazunguka huku na huku kama kijana. Siku ya kwanza tulipoteremka Kisiwani wawili tu, mimi na Shaba, nilijua tumefika kwa joto na kwa harufu ya ng'ombe. Nilisimama mbele ya duka la Mzee Rajabu nikasita, maana ni Mwislamu safi na mbwa si mnyama wa kuingia kwake. Nikampa shikamoo kutoka barabarani. Akaitikia, akatoka mwenyewe na maji kwenye kifuu, akakiweka chini ya kivuli cha ukuta. "Huyu mwenye kazi akae hapa anywe," akasema. "Wewe ingia unisimulie. Nimesikia mengi, nataka nisikie kwako." Tulikaa mpaka adhana ya alasiri.

Na mwaka huu, karatasi yako ya chuo ilipotaka sahihi ya mzazi bomani Same, mama yako alisema tumtume baba yako mkubwa. Nikakataa. Nilikwenda mimi. Karani alitaka kunishika kidole gumba akitie wino. Nikamwambia, "Nipe kalamu, na uniwekee ncha mahali penyewe." Nimetia sahihi nyingi maishani, Nakiete. Ile niliitia kwa herufi kubwa mpaka karani akasema, "Taratibu, Mzee, unatoka nje ya karatasi."

Sasa la mwisho. Juzi nilikusikia kisimani ukimwambia mama yako kwamba Shaba amezeeka, mwendo wake umekuwa mzito, na labda ungeahirisha mwaka mmoja, umlee mwingine kwanza. Nilisimama kimya nyuma ya migomba. Sauti ile niliitambua, ni ile ile ya mtoto anayepunguza mwendo. Usithubutu.

Kweli amezeeka. Kwenye mteremko ananiomba tupumzike, nami napumzika naye. Kwa hiyo sikiliza habari ambayo nimeificha wiki mbili na karibu inipasue kifua: yule mama mfugaji wa Kisiwani, mjukuu wa yule mbwa aliyemzaa Shaba amezaa. Wako watano. Nimemwomba mmoja, jike, na nikitoka kukusindikiza Same nitampitia. Mama yako anajua, ndiyo maana amekuwa akicheka ovyo. Kikapu kiko tayari uvunguni mwa kitanda changu.

Nitamlea mimi mwenyewe. Macho nimekwisha fungwa, kwa hiyo kanga haihitajiki. Vifuniko nimeviomba, mama yako amenikubalia vinne. Darasa la kwanza watanisaidia kuweka vitu njiani, wana ufundi mkubwa wa kuweka vitu njiani. Na kule Mwanga yuko mwenzangu wa vita, kipofu kama mimi, ambaye mkewe amenitumia salamu akiuliza, "Je, na huyu wangu anaweza?" Nimemjibu kwamba tukimaliza huyu wa kwanza, tutamlea wa kwake.

Andika ukifika. Mama yako atanisomea, na akificha neno nitajua kwa sauti yake. Ukikosa, tuambie. Ukifurahi, tuambie kwanza. Likizo uje kwa sababu umetukumbuka, usije kwa sababu yangu.

Shaba ameinuka, mkia unapiga mguu wa meza. Nawasikia kwenye njia, mama yako anaongea na wewe unacheka, na kuna kitu kizito mmebeba; bila shaka bibi yako amekupa ndizi za kulisha chuo kizima. Barua hii nitaificha ndani ya daftari lako jipya, uikute treni ikishaondoka, ili usipate pa kunijibu.

Nenda, mwanangu. Nenda mbio. Mimi kesho kutwa nina mwanafunzi mpya, anajikojolea, na sina nafasi ya kukungoja.

Ni mimi baba yako, kwa mkono wangu mwenyewe.